Cherehani Kilichokwama: Safisha Kwanza, Fungua Baadaye

Cherehani cha chuma kikisusa kazi, hukumu hutolewa haraka. Gurudumu haligeuki, au linageuka kwa kusukumwa na mikono miwili, mshono unaruka, uzi unakatika kabla upindo haujafika pembeni, basi mwenyewe anasema kimekufa. Kinasukumwa nyuma ya kabati, kinawekewa madumu juu yake, na siku moja kinauzwa kwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Mwongozo huu una dai moja, na maelekezo yote yanayofuata yanatokana nalo: cherehani cha namna hiyo mara nyingi hakijaharibika, kimeziba. Kilichokisimamisha ni kitu kilichoingia ndani au kilichoganda ndani: mafuta ya zamani, nyuzinyuzi za nguo, kutu ya juujuu, kipande cha uzi. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kuondoa, si kubadilisha, na kila hatua unayoweza kuitengua itangulie ile usiyoweza kuitengua. Tone la mafuta lililozidi linafutwa kwa kitambaa. Shafti iliyopindwa kwa nyundo haifutiki.

Sababu iko katika namna mashine hizi zilivyoundwa. Elias Howe alipata hataza yake nchini Marekani mwaka 1846, Isaac Merritt Singer akapata yake mwaka 1851, na kabla karne ile haijafika mwisho umbo tunalolijua lilikuwa limeshatulia: mwili wa chuma cha kusubu, ndani yake shafti na mikono ya feleji, na kila kiungo kinazunguka juu ya utando mwembamba wa mafuta. Hakuna plastiki ya kupasuka wala saketi ya kuungua. Cherehani cha kukanyaga huenda kwa kasi ya mguu wa mtu, na feleji inayozunguka kwa kasi hiyo ikiwa na mafuta hulika polepole mno. Ndiyo maana vyerehani vya enzi za mabibi bado vinashona. Kinachochakaa mapema ni mafuta yenyewe. Hata mafuta halisi ya cherehani yakikaa miaka bila kubadilishwa huwa mazito, hugeuka rangi ya kahawia, na mwisho huwa gundi. Mafuta ya kupikia hufika huko upesi zaidi, kwa kuwa yana tabia ya kukauka na kufanya ngozi, na wengi huyakimbilia pale chupa ya mafuta ya cherehani inapoisha. Changanya gundi hiyo na manyoya yanayodondoka kwenye kanga na mashuka, ongeza vumbi la Dodoma au hewa ya chumvi ya Mombasa na Unguja, na umepata kizuizi cha kutosha kusimamisha gurudumu bila kitu chochote kuvunjika.

Kabla ya kugusa chochote, tambua ulichonacho. Namba ya cherehani cha Singer imegongwa juu ya kitako chake, upande wa kulia, na modeli yenye herufi K, kama 15K, ilitoka Kilbowie, kwenye kiwanda cha Clydebank, Uskoti, kilichofungwa mwaka 1980. Hapa ndipo panapotoka pingamizi la kwanza: kiwanda kimefungwa, vipuri utavitoa wapi? Jibu ni kwamba umbo la 15 halikubaki mali ya kiwanda kimoja. Baada ya Vita Kuu ya Pili viwanda vya Japani viliunda vyerehani vya umbo hilohilo kwa wingi, na vya China vikafuata. Butterfly ya Shanghai, inayokanyagwa kila siku kwenye vibaraza vya maduka yetu, ni ya ukoo huo. Ndiyo maana bobini, kesi yake, springi na sindano vinavyouzwa kwa ajili ya Butterfly huingia kwenye Singer ya 15 iliyoundwa miongo mingi kabla. Kama chako ni cha aina ya zamani zaidi, chenye chombo kirefu cha umbo la risasi kinachokwenda mbele na nyuma kikibeba kijiti cha uzi, hapo uangalifu uzidi: chombo hicho na vijiti vyake ndivyo vigumu kupatikana, na kuvipoteza ndiko kutakakokimaliza kweli. Vitoe, vifunge kwenye kitambaa, viweke mahali watoto hawafiki.

Sasa kiangalie bila bisibisi. Kipeleke penye mwanga, kipige picha kwa simu kutoka kila upande, hasa jinsi uzi ulivyopita, kwa kuwa picha hizo ndizo zitakazokuonyesha njia ya kurudi. Inua mguu wa kubania kitambaa, toa sindano, toa uzi wa juu, fungua kibati cha chini na uitoe kesi pamoja na bobini. Mulika kwa tochi mahali kesi ilipokaa. Cherehani kilichokwama ghafla katikati ya kazi, jana kikiwa kizima, karibu kila mara kina uzi uliojisokota nyuma ya ile ndoano inayozunguka bobini. Usiuvute kwa nguvu. Ukate kwa ncha ya wembe vipande vifupivifupi, uvitoe kwa kibanio cha nyusi, huku ukiligeuza gurudumu mbele kidogo na nyuma kidogo. Angalia pia ile nati kubwa iliyo katikati ya gurudumu. Kazi yake ni kulitenga gurudumu na mashine wakati wa kujaza bobini. Ikilegea, gurudumu linazunguka peke yake na sindano imesimama, na mtu asiyejua anadhani kitu kimekatika ndani. Nyuma ya nati hiyo kuna washa yenye vipembe viwili kwa ndani. Mtu akiitoa na kuirudisha kinyume, nati haitakaza wala haitaachia inavyopaswa. Tiba yake ni kuizungusha washa nusu duara na kukaza tena. Ni kazi ya dakika mbili, na watu wameuza mashine nzima kwa kutoijua.

Kama gurudumu bado zito, anza kusafisha, na usafishe kuliko unavyodhani inatosha. Unahitaji brashi ya meno iliyokwisha kazi, vijiti vya meno, vitambaa vya pamba, mafuta ya taa kidogo kwenye kopo, na chupa ya mafuta meupe ya cherehani. Fanya kazi nje au penye hewa, mbali na jiko, sigara na watoto. Petroli usiitumie kamwe, kwa sababu mvuke wake huwaka kwa cheche ndogo tu. Kilaze cherehani chali kwa kukigeuzia nyuma kwenye meza yake, ufagie kwa brashi kavu kila kinachotoka. Toa bamba lililo chini ya sindano kwa kufungua skrubu zake mbili, na hapo utakutana na jambo linalowashangaza wengi: kati ya mistari ya meno yanayovuta kitambaa kuna manyoya yaliyoshindiliwa miaka mingi hadi yamekuwa donge, gumu kiasi cha kung'olewa kwa kijiti likitoka zima. Donge hilo huyazuia meno yasipande juu, na cherehani kinaonekana kimekataa kuvuta kitambaa. Ukishaondoa manyoya yote ndipo ulowanishe brashi kwa mafuta ya taa na kusugua viungo, shafti na njia ya ndoano hadi kitambaa cheupe ukikipitisha kisitoke na kahawia. Mafuta ya taa huyeyusha gundi lakini hayalainishi chuma. Ukiyaacha peke yake, chuma kitakwenda kikavu juu ya chuma, na kwetu pwani kutu itaanza mapema. Kila ulipopitisha mafuta ya taa, pafute, kisha paweke mafuta ya cherehani.

Kwa nje uwe mpole zaidi. Maua na maandishi ya dhahabu kwenye cherehani cheusi cha zamani ni utando mwembamba uliobandikwa na kufunikwa kwa varnishi. Spiriti na thina huiyeyusha varnishi hiyo, na dhahabu huondoka nayo kwenye kitambaa. Sabuni kali na dawa za kufutia vioo nazo hufubaza. Kitambaa laini chenye mafuta ya cherehani kinatosha, kikirudiwa mara nyingi. Wapo watakaokushauri ukipige msasa na kukipulizia rangi mpya king'ae. Sikubaliani nao. Rangi mpya huingia kwenye vitundu vya mafuta na mianya ya viungo, na kilichofutwa hakirudi. Mashine yenye mikwaruzo inayoshona vizuri imekwisha kutengenezwa. Iliyopakwa rangi na bado inaruka mshono haijaguswa.

Kupaka mafuta nako kuna namna yake. Juu ya mwili kuna vitundu vilivyotobolewa kwa kazi hiyo, na chini kuna kila mahali ambapo chuma kinasugua chuma. Tia tone moja kila mahali, halafu geuza gurudumu kuelekea kwako, na utie tone jingine mafuta ya kwanza yakishazama. Kama gurudumu halisogei kabisa, hapa ndipo wengi hukosa subira na kuchukua koleo. Weka mafuta asubuhi, weka jioni, rudia kesho na keshokutwa. Kila mara lijaribu gurudumu kwa mkono mtupu, mbele na nyuma, kwa nguvu unayotumia kufungua kifuniko cha chupa. Joto husaidia, kwa sababu gundi ya mafuta hulainika ikipata moto: kiweke juani saa sita mchana kwa saa moja au mbili, au pulizia hewa ya moto ya kikaushio cha nywele, kisha ongeza mafuta kikiwa bado na uvuguvugu. Gurudumu likianza kusogea hata kwa upana wa kidole, umeshinda. Kinachobaki ni kulisogeza huku na huku mpaka lifunguke. Kahawia iliyoyeyuka itaanza kuchuruzika kwenye viungo. Ifute kila inapotoka, maana ukiiacha itaganda tena palepale.

Fundi fulani atakucheka na kusema njia sahihi ni kukifungua chote, kuchovya kila kipande, na kukiunga upya. Kwa fundi aliyefungua mia, njia hiyo ni nzuri na ya haraka. Kwako wewe ina hatari ya aina tatu. Skrubu za vyerehani vya zamani mara nyingi zina hesi za kiwanda chao, kwa hiyo ukipoteza moja hutaipata kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Vichwa vyake vina mfereji mwembamba, na bisibisi isiyojaa mfereji huo huteleza na kuukwangua hadi hakuna kitakachoshika tena. Kubwa kuliko yote, nafasi ya ndoano na sindano ilipangwa kiwandani, na mtu akishailegeza shafti bila alama hujikuta na mashine safi isiyoshona hata hatua moja. Pale unapolazimika kufungua, chagua bisibisi bapa inayojaa mfereji kwa urefu na kwa unene, weka tone la mafuta kwenye hesi na subiri, fungua kipande kimoja tu, kisafishe, kirudishe, ndipo uende kwenye kingine.

Gurudumu likishakuwa jepesi, kosa lililobaki mara nyingi liko kwenye kitu cha bei rahisi kuliko vyote: sindano. Ili kuelewa kwa nini, fuata safari ya uzi. Sindano inashuka na uzi wa juu hadi chini ya kitambaa. Inapoanza kupanda, uzi ulio upande mmoja unabaki nyuma na kufanya kitanzi kidogo. Ncha ya ndoano inapita hapo hapo, inakinasa kitanzi na kukizungusha bobini, na nyuzi mbili zinafungana. Ncha hiyo hupita karibu na sindano kwa nafasi ndogo kuliko unene wa uzi. Sindano iliyopinda kidogo tu, iliyoingizwa isifike mwisho wa tundu lake, au iliyogeuzwa, huweka kitanzi mahali ambapo ndoano haipo, na mshono unaruka. Nunua sindano mpya ya nyumbani, ile iliyoandikwa 130/705 H au 15x1, yenye shina lililokatwa bapa upande mmoja. Ukiipapasa utahisi mfereji mrefu upande usio na ubapa. Uzi huingilia upande wa mfereji na kutokea upande wa ubapa, na ubapa ndio unaoelekea kwenye ndoano. Ukishika kanuni hiyo huhitaji kukariri ni kushoto au kulia kwa kila modeli. Namba nayo ina maana: sindano ya 90, inayoandikwa pia 14, ina unene wa milimita 0.9 na inafaa vitenge na pamba za kawaida. 80 kwa vitambaa vyepesi. 100 kwa khaki na jinzi. Sindano ya ukubwa usiofaa nguo ni chanzo cha malalamiko mengi yanayotupiwa mashine.

Sasa shona kipande cha kanga iliyokwisha kuvaliwa, uzi wa juu wa rangi moja na wa chini wa rangi nyingine, ili uone nani anamvuta mwenzake. Kuna jambo hapa linalowapoteza hata washonaji wazoefu: vitanzi vinavyoonekana upande wa chini wa nguo husababishwa na uzi wa juu. Haukubanwa vya kutosha, kwa hiyo unavutwa chini na kulala huko. Basi usiguse kesi ya bobini. Inua mguu wa kubania, upitishe uzi upya toka mwanzo, uhakikishe umeingia katikati ya visahani viwili vya kikaza uzi. Kama bado, pitisha kati ya visahani hivyo kitambaa chembamba chenye tone la mafuta ya taa, kwa sababu chembe moja ya kutu au kipande cha uzi kilichonasa huviachanisha, na hapo hata ukaze namna gani uzi utapita bure. Vitanzi vikiwa juu ya nguo, mkosaji ni wa chini. Toa kesi yenye bobini, ishike kwa uzi wake iningʼinie, kisha uitikise kidogo: inapaswa kushuka kidogo na kusimama. Ikianguka yenyewe imelegea. Isiposhuka kabisa imebana. Skrubu yake ndogo geuza robo ya mzunguko, si zaidi, na uandike umegeuza upande gani. Angalia pia kama bobini ni ya kwake: ya umbo la 15 ni bapa pande zote mbili, na ile iliyobinuka kidogo ni ya modeli nyingine, hata kama inaonekana kutosha.

Uzi ukiendelea kukatika baada ya yote haya, tafuta ncha kali. Sindano ikigonga bamba huacha jino dogo kwenye tundu, na jino hilo hukata uzi. Sugua kipande cha pamba kuzunguka tundu na juu ya ncha ya ndoano. Nyuzi za pamba zikinasa, umelipata. Hapa tumefika kwenye hatua isiyotenguliwa, ndiyo maana imesubiri mpaka sasa. Tumia msasa laini kuliko yote unayoweza kupata, uliokunjwa mwembamba, msuguo mdogo, jaribu tena kwa pamba, na uache mara nyuzi zitakapoacha kunasa.

Miguu ya cherehani haina siri nyingi. Safisha na upake mafuta kwenye ekseli ya gurudumu kubwa, kwenye ncha mbili ambazo kanyagio linabembea, na juu na chini ya kile kijiti kinachounganisha kanyagio na gurudumu. Mlio wa kugonga kila unapokanyaga hutoka hapo: kaza mpaka uchezaji uishe lakini kanyagio bado libembee lenyewe. Mkanda wa ngozi ukilegea punguza kipande kifupi na uunge tena kwa pini ya waya. Usiukaze kama kamba ya kitanda, kwani mkanda uliobana hulemea shafti na kumchosha mshonaji.

Pingamizi zito zaidi ni hili: kusafisha kunaficha uchakavu, na utakuwa umepoteza wiki kuirembesha mashine iliyokwisha. Kuna ukweli ndani yake, na usafi ndio unaouonyesha. Gundi ya mafuta huziba nafasi zilizolika, kwa hiyo huwezi kuupima uchakavu wa kiungo kichafu. Kiungo kikiwa safi, shika nguzo ya sindano na uitikise kushoto na kulia. Ikicheza waziwazi, au shafti ikipanda na kushuka ndani ya nyumba yake, hapo kweli kuna kilicholika, na sasa unaweza kumpelekea fundi ukijua unachomtuma. Mwili wa chuma cha kusubu ukiwa na ufa ni habari nyingine. Chuma hicho ni kigumu lakini chepesi kuvunjika, na kikichomelewa kama chuma cha kawaida mara nyingi hupasuka tena pembeni ya weldi kinapopoa. Ufa kwenye miguu unaweza kushikwa kwa kiraka cha bapa na bolti, kazi ambayo mafundi wa jua kali wanaifanya vizuri. Ufa kwenye mwili wa juu, penye shafti, ndio mwisho wa cherehani hicho, na kilichobaki ni kukitumia kama ghala la vipuri. Kama kimefungwa mota ya umeme, chomoa waya ukutani kabla ya yote. Waya za zamani zenye mpira uliokauka na kumeguka hazitibiwi kwa kufungwa gundi ya nailoni. Zinabadilishwa zote, na kama hujui umeme kazi hiyo si yako.

Wengine watasema cherehani kipya cha plastiki na umeme kinashona kwa kasi, kina mishono ya kila namna, na mtu wa kawaida hana muda wa kusugua. Anayepokea oda za sare za shule na anayetaka zigizaga na vifungo ana haki ya kununua kipya, na mwongozo huu haumzuii. Ila hesabu ifanywe kamili. Cha zamani kinashona umeme ukikatika, na mijini na vijijini hilo si jambo dogo. Kinapita kwenye khaki iliyokunjwa mara nne na kwenye jinzi za mitumba zinazopunguzwa kiuno, mahali ambapo mashine nyepesi ya nyumbani hulalamika. Gia ya plastiki ikivunjika ndani ya modeli isiyoingizwa tena nchini, mashine nzima hutupwa; bobini ya 15 utaipata katika duka la vifaa vya ushonaji la mji wowote mkubwa. Kuhusu muda, sehemu kubwa ya kazi niliyoieleza ni kusubiri mafuta yapenye, na wakati huo mikono yako iko huru. Gharama yake ni chupa ya mafuta, pakiti ya sindano na mafuta ya taa kidogo. Hata ukishindwa, hujaharibu kitu, na fundi atakipokea kikiwa safi.

Utaratibu huu haukomei kwenye vyerehani. Chukua karabai au jiko la kupampu lililolala stoo: pampu inaingia bila ukinzani na hewa haipandi, na watu husema limetoboka. Fungua pampu utazame mwisho wa fimbo yake, utaona kikombe kidogo cha ngozi kilichokauka na kujikunja. Kiloweke kwenye mafuta usiku kucha, ukitanue taratibu kwa vidole, ukirudishe. Ngozi iliyolainika itagusa tena kuta za bomba na hewa itasukumwa. Tundu la mwali likiwa limeziba kwa masizi, lizibue kwa sindano yake ndogo kabla ya kufikiria kununua kichwa kipya. Tofauti ni moja, nayo ni ya maisha: chombo kinachobeba mafuta na hewa ya shinikizo kikiwa na kutu ya kina kwenye tangi, au uvujaji kwenye mshono, hakijaribiwi ndani ya nyumba wala hakifungwi kwa gundi. Hicho kinastaafu.

Cherehani chako kikishashona kanga, kitenge na khaki bila kuruka, kifunike kwa kitambaa cha pamba, si nailoni, kwa kuwa nailoni hufungia unyevu ndani na masika ya pwani hayahitaji msaada huo. Toa manyoya chini ya bamba kila unapomaliza bobini kadhaa, na tia mafuta kila wiki kama unashona kila siku. Kisha chukua karatasi, uandike modeli, namba ya sindano, tarehe, ulichokuta ndani na ulichokifanya, hata ule upande ulioigeuzia skrubu ya kesi. Iweke kwenye droo ya cherehani, karibu na bisibisi inayokifaa. Atakayekifungua baada yako aikute.